Baba sukari imeshuka lakini miguu inawaka moto, baba mdogo ana sukari 15 na hasikii kitu. Hii ni damu ya ukoo?

BintiKatumba

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Rungwe, mambo ya tiba siyajui, kwa hiyo mkinijibu mnijibu kama mnavyomweleza mzazi kwenye kikao cha shule.

Baba yangu ana miaka 67. Alikuwa mkulima wa chai na migomba, sasa anashinda barazani. Kisukari kiligundulika 2014, ila nikikumbuka vizuri dalili zilianza miaka mitatu minne kabla ya hapo: anaamka kukojoa mara tano kwa usiku, anamaliza jagi la maji peke yake, suruali zinamvuka, na sisi tunasema ni kazi ya shamba. Siku alipopimwa mara ya kwanza mashine iliandika 24. Kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kilitoka 12.1. Na hata baada ya hapo dawa alikuwa anameza akijisikia vibaya tu, akijisikia vizuri anaziacha kabatini.

Tangu 2021 mama ndiye anayemsimamia. Ugali wa ngumi moja, ndizi mbili, viazi vya kuhesabu, chai bila sukari (mzee aliyelima chai maisha yake yote anaikunywa kwa manung'uniko kama anakunywa mwarobaini). Kipimo hicho cha miezi mitatu mara ya mwisho, mwezi wa tano, kilisoma 6.8. Tulifurahi tukachinja kuku.

Sasa mbona miguu? Kila usiku anasema nyayo zinawaka kama amekanyaga makaa, halafu vidole vinachomwa sindano. Baridi ya Tukuyu mwezi wa saba mnaijua, sisi tuna mablanketi mawili mawili, yeye anatoa miguu nje na kuiweka kwenye sakafu ya saruji. Shuka likimgusa dole gumba anaruka. Mchana ukimuuliza anasema ni kama amevaa soksi nene, na hana soksi.

Baba mdogo, tumbo moja na baba, ni fundi pikipiki Uyole. Ana kisukari tangu 2016, dawa hadi akumbuke, na sukari yake kila akipima ni 14, 15. Huyo anatucheka: "Kaka anakula majani kama mbuzi na bado analia miguu. Mimi nakula wali wa Kyela na miguu yangu mizima." Na kweli sijawahi kumsikia akilalamika.

Shangazi anasema baba alikanyaga tego shambani. Mhudumu wa kituo kimoja alimwambia sukari yako nzuri mzee, hiyo ni umri. Kaka yangu wa Dar kasoma kwamba ni jeni na epijenetiki, nikamwomba anieleze akaishia kuniambia "ni mambo ya vinasaba vinasaba".

Naomba kujua: huu ugonjwa wa neva unarithiwa? Kama sukari imeshuka, mbona haiponi? Na mimi mwenye miaka 38 na watoto wawili, nijiandae?

---

Jemedari_SokoMatola

Pole dada. Mzee achemshiwe maji ya moto na chumvi ya mawe, aloweke miguu nusu saa kila jioni. Unga wa mlonge kijiko kimoja asubuhi. Mama mkwe wangu alipona kabisa.

---

Tabibu_Ipogolo

BintiKatumba, mpe mzee shikamoo yangu. Niko Iringa, nafanya kliniki ya kisukari mwaka wa tisa sasa.

Kabla mtu hajachemsha maji: ndugu wa Soko Matola, samahani sana, hapana. Mguu wa kisukari usiohisi vizuri haujui kwamba maji ni ya moto. Nimeshaona nyayo zilizobabuka kwa beseni, na mwenye mguu alikuwa anaangalia taarifa ya habari kwa raha zake. Mlonge mwache ale kama mboga.

Sasa nikwambie kitu ambacho hukuuliza. Katika habari yako yote, aliyenitia wasiwasi zaidi ni baba mdogo. Baba analia, na maana yake zile nyuzi ndogo za neva zinazobeba maumivu bado zina uhai, zimechokozwa tu na zinapiga kelele. Mtu mwenye sukari 15 miaka yote hiyo na "hasikii kitu" yawezekana amesema ukweli kuliko anavyojua. Hasikii. Nitarudi kwake.

Kwa nini vidole vya mguu? Neva ya kuhisi ina chembe moja tu, kiini chake kimekaa kando ya uti wa mgongo kiunoni, na mkia wake unateremka mpaka kidoleni. Ni karibu mita nzima. Kila kitu cha kule mwisho lazima kisafirishwe kutoka juu, kama duka la Makete linalotegemea mzigo wa Makambako: barabara ikiharibika, la mwisho ndilo linaanza kukosa chumvi. Sukari ikizidi inaharibu barabara hiyo kwa njia kadhaa kwa pamoja. Kuna kimeng'enya kinachoigeuza kuwa sorbito ndani ya neva, kuna vimishipa vya damu vinavyolisha neva vinavyokakamaa, kuna mitambo ya nishati ya chembe inayotoa moshi wenye sumu. Ndiyo maana ganzi huanza vidoleni, ikapanda kama soksi, na ikifika magotini ndipo mikono nayo huanza.

Kuhusu kurithi. Kisukari chenyewe cha aina ya pili kinatembea kwenye ukoo, hilo halina ubishi. Mwenye mzazi mmoja mgonjwa hukadiriwa kuwa na uwezekano wa asilimia 40 hivi wa kukipata katika maisha yake. Lakini neva kuharibika ni hatua nyingine. Wagonjwa wa kisukari wanaoishia kuharibika neva ni karibu nusu. Nusu nyingine hawaharibiki, na si wote waliokuwa watiifu! Hapo ndipo jeni zinapoingia, na hakuna jeni moja ya "miguu kuwaka" anayopewa mtoto kama jina la babu. Ni nyingi, kila moja inasukuma kidogo.

Mfano mmoja naupenda. Mwaka 2006 watafiti walichapisha habari za familia za kaskazini mwa Pakistani ambazo watoto wake hawakuwahi kusikia maumivu hata siku moja. Walianza kuwafuatilia kwa sababu ya kijana aliyekuwa anafanya maonyesho mitaani, anajichoma visu mikononi na kutembea juu ya makaa. Alikufa kabla ya kutimiza miaka 14 kwa kuruka kutoka juu ya paa. Jeni iliyokuwa na hitilafu inaitwa SCN9A, na kazi yake ni kutengeneza mlango mdogo unaoingiza sodiamu kwenye neva ya maumivu. Mlango haufunguki, maumivu hayapiti. Kuna watu wengine wana hitilafu ya upande wa pili, mlango unafunguka kirahisi mno, na hao miguu huwawaka ikawa myekundu hata bila kisukari. Mwaka 2018 ukatoka utafiti uliowalinganisha wagonjwa wa kisukari wenye neva zilizoharibika: wale wenye maumivu 111, kumi kati yao walikutwa na mabadiliko adimu kwenye jeni hiyohiyo. Wale ambao neva zimeharibika lakini hawana maumivu, hakupatikana hata mmoja. Kwa hiyo tumbo moja kutoa mmoja anayelia na mmoja anayecheka si muujiza. Ila uone vilevile kwamba kumi kati ya 111 ni wachache. Usiende kutangaza kwamba mzee ana jeni hiyo.

Ya pili ni jirani yake, SCN2A. Mwaka 2019, kwa kutumia wagonjwa wa jaribio kubwa la Marekani na Kanada liitwalo ACCORD, walikuta eneo karibu na jeni hiyo ambalo wenye herufi fulani hapo neva zao hazikuharibika kirahisi. Yaani jeni inayolinda. Lakini uchambuzi ule ulifanywa kwa wagonjwa Wazungu, na hili linaniudhi. Sisi Waafrika ndio wenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba duniani, na ndio tunaopimwa kwa uchache zaidi. Kwa hiyo mtu akikuuzia kipimo cha jeni ili akutabirie miguu, weka hela yako mfukoni.

Sasa hiyo epijenetiki ya kaka yako. Uko Katumba, umezungukwa na chai, kwa hiyo hutapata taabu. Mche wa chai ukiuacha bila kuuchuma wala kuukata unakuwa mti mrefu. Ukiuchuma na kuukata kwa zamu unabaki kimo cha kiuno, juu tambarare kama meza. Mbegu ni ileile! Kilichotofautiana ni matunzo. Na shamba lililotelekezwa miaka kumi, ukilirudia na panga leo, majani mapya yatatoka mazuri, lakini shina chini limeshapinda na kunenepa, na mzee wako akipita atakwambia hili lilitupwa.

Ndani ya chembe ni hivyohivyo. Herufi za vinasaba hazibadiliki, ila juu yake kuna alama ndogo za kikemia, methili, zinazofunga jeni hii na kuacha ile wazi, na kuna vibiringishio viitwavyo histoni ambavyo uzi wa vinasaba umezungushiwa, ukibana sana jeni hazisomeki, ukilegea zinasomeka. Sukari ya juu ya muda mrefu inavuruga alama hizo. Na alama zikishakaa, haziondoki siku mashine iliposoma 6.8.

Ushahidi wake ulianza bila kutafutwa. Kuanzia 1983 hadi 1993 huko Marekani na Kanada waliwafuata watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza. Kundi moja lilibanwa, kipimo cha miezi mitatu kikawa karibu 7. Lingine lilitibiwa kwa kawaida ya wakati ule, karibu 9. Waliobanwa walipunguza neva kuharibika kwa asilimia 60. Jaribio likaisha, wote wakafundishwa kubana, na baada ya miaka michache sukari za makundi mawili zikafanana. Ungetegemea na madhara yafanane. Wapi! Miaka 13, 14 baadaye kundi lililoteleza mwanzo bado lilikuwa na neva mbovu zaidi. Mwili ulikuwa unakumbuka. Baadaye wakachukua damu ya baadhi yao, walioharibika macho au figo na wale waliosalimika, wakakuta alama za methili kwenye jeni iitwayo TXNIP zimebaki vilevile zaidi ya miaka 15. Na huko Michigan wakachunguza vipande vya neva vilivyotolewa kwenye shavu la mguu wa wagonjwa, wenye sukari ya juu na wenye ya chini, na alama zao zilikuwa zinatofautiana.

Kwa hiyo swali lako la pili: miguu ya baba ya leo inalipa deni la 2010 mpaka 2021. Aliyemwambia "ni umri" alitazama karatasi ya mwezi wa tano peke yake.

Nisikudanganye lakini. Kwa aina ya pili, kama ya baba, kushusha sukari peke yake hakulindi neva sawasawa kama kwa aina ya kwanza. Presha, mafuta ya damu, kitambi na sigara navyo vina mkono. Mama aendelee kubana, neva zilizobaki bado zinahitaji hiyo 6.8, ila msipime mafanikio kwa usiku mmoja wa kulala vizuri.

Mambo ya kumuuliza daktari wake: (a) kama anameza metifomini, ile dawa ya kisukari, miaka yote hii, vitamini B12 ikoje? Dawa hiyo huishusha, na upungufu wake huleta ganzi ileile, tena huo unatibika. (b) Aliwahi kutumia dawa za kifua kikuu? Pombe? Kipimo cha VVU kilifanyika? Vyote hivyo huharibu neva, na huku kwetu nyanda za juu hatuna ruhusa ya kuvisahau. (c) Dawa ya kutuliza usiku ipo, amitriptilini kidogo, ingawa kwa mzee lazima moyo na tezi dume viangaliwe kwanza. Na dawa hiyo nayo ini huivunja kwa kufuata jeni za mtu: wapo wanaoivunja taratibu, kidonge kidogo kinawalaza mpaka mchana. Waanze chini kabisa.

Wajukuu: alama nyingi za methili hufutwa mimba inapoanza kutungwa, kwa hiyo watoto wako hawakurithi soksi ya babu yao. Mlichorithi ni jeni za kisukari, na jiko la mama. Wewe pima sukari ya kufunga kila mwaka.

Sasa baba mdogo. Fanya hivi, hauhitaji kifaa. Alale, afumbe macho, soksi avue. Mguse kwa ncha ya kidole chako, taratibu, sekunde moja mbili, bila kubonyeza wala kusugua: kidole gumba, cha katikati na kidogo, miguu yote miwili. Jumla sita. Kila akisikia aseme kulia au kushoto. Akikosa viwili au zaidi, huyo ana mguu wa hatari. Halafu tazama nyayo na katikati ya vidole kwa macho yako. Usiulize "unaumwa?", angalia.

---

MbaoMafinga

Kamwene. Tabibu kasema vizuri, mimi ni shahidi. Nilishika nafasi ya baba mdogo miaka mingi. Nilifanya kazi ya mbao siku nzima msumari umepenya kwenye buti, nikagundua jioni navua, buti limejaa damu. Nilicheka kwanza. Kidole kilikatwa mwezi uliofuata. Na ulanzi, pombe ya mianzi, nilikuwa siachi, kwa hiyo sijui nimlaumu nani, sukari au mianzi.

---

Darubini75

Nyongeza ndogo kutoka maabara. Hicho kipimo cha miezi mitatu kinategemea umri wa chembe nyekundu za damu: zikifa mapema, zinakuwa hazijakaa muda wa kutosha kushika sukari, na namba inasoma chini kuliko ukweli. Kuna jeni iitwayo G6PD, watu wenye asili ya maeneo ya malaria wengi wanabeba aina yake dhaifu, na mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba wenye nayo namba yao hushuka kwa uongo. Seli mundu nayo inaweza kuvuruga. Bibi yako au babu yako katoka Kyela au ziwani? Kama ndivyo, hiyo 6.8 ilinganisheni na namba za mashine ya kutoboa kidole, asubuhi na saa mbili baada ya kula, wiki moja. Zikikubaliana, basi, ongezeni kuku mwingine.

---

BintiKatumba

Bibi mzaa baba ni wa Kyela kabisa, Darubini, umenishtua. Tumepima siku tano: asubuhi 6 na kitu, baada ya kula juu kabisa 9.4. Naona kuku alistahili. Metifomini anameza tangu 2014, B12 hakuna aliyewahi kuitaja. Daktari kaandika kipimo, tunasubiri.

Jana Jumamosi nilimpeleka baba Uyole kwa mdogo wake, nikasingizia tunaenda kusalimia. Baada ya chakula nikawaambia tunacheza mchezo, wote wawili walale kwenye mkeka wafumbe macho. Baba mdogo akasema "mwalimu umeanza mambo ya chekechea". Baba akasikia vinne. Kila nikimgusa anakunja uso, lakini anasema: kulia, kushoto.

Baba mdogo nilimgusa vyote sita. Alisema "kushoto" mara moja. Halafu akaniuliza, macho bado kafumba, "Sasa mbona huanzi?"

Nilikaa kimya. Baba alifumbua macho, akaona mikono yangu iko kwenye mguu wa mdogo wake, naye akanyamaza.

Nikageuza nyayo. Chini ya kidole kidogo cha kulia kuna kidonda cha ukubwa wa sarafu ya mia, kingo nyeupe, katikati pameusi kwa oili ya pikipiki. Mkewe anasema aliona soksi ina majimaji wiki iliyopita, akafikiri ni gririsi. Yeye mwenyewe amekumbuka kwamba aliegemeza mguu kwenye ekzosi akiwa na ndala, "lakini haikuniunguza". Nimempangia Jumatano nikipata ruhusa kazini. Ndaga fijo wote.

---

Tabibu_Ipogolo

Jumatano hapana. Leo. Kidonda chenye wiki moja, sukari 15, na uchafu wa gereji hakisubiri ruhusa ya mwalimu mkuu. Aende hospitali yenye daktari wa upasuaji, asikanyagie mguu huo, funika kwa kitambaa safi kikavu, msiweke chochote: dawa ya meno, asali wala oili. Kama kuna harufu, wekundu unaopanda au homa, waambieni mapokezi kabla ya kupanga foleni.

---

BintiKatumba

Nimempigia mkewe, wameshampakia kwenye bajaji. Baba kasema anakwenda naye, na yeye ndiye aliyekaa upande ule, mguu wa mdogo wake kaulaza mapajani. Baba mdogo anagomba kwamba lazima arudi kabla ya saa kumi, ana pikipiki ya mtu.